Baba ameniuliza kama ameokoka, nami sikuwa na jibu

Mpendwa Mchungaji,

Bwana Yesu asifiwe. Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu, lakini sikudhani kwamba siku moja ningekuandikia, kwa sababu wanaonifahamu wananihesabu miongoni mwa watu wanaopaswa kuyajibu maswali ya namna hii, wala si kuyauliza.

Nimelelewa na wazazi Wakristo. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, nikapitia mafundisho yote ya kanisa letu, na nilipofika chuoni nikajiunga na kikundi cha maombi ambacho ndicho kilichonizoeza kusoma Biblia kwa bidii. Hapo niliambiwa kwamba mtu aliyeokoka sharti aweze kuitaja siku aliyookoka, na kwamba asiyeijua siku hiyo bado hajaokoka. Mimi siku hiyo sikuwa nayo. Basi mhubiri alipowaita mbele wanaotaka kumpokea Yesu, nilikwenda, nikaongozwa sala ya toba, na watu wakanishangilia. Miezi michache baadaye nikajiona nina hasira zile zile na mashaka yale yale, nikadhani kwamba pengine sikuomba kwa moyo wote, nikaenda mbele tena. Mchungaji, nimeiomba sala ile mara nyingi hata siwezi kuzihesabu, nyingine kanisani, nyingine usiku wa manane nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, na kila mara nilijiambia kwamba hii sasa ndiyo ya kweli.

Aliyenifanya nikuandikie ni baba yangu. Ana umri wa miaka 78, na madaktari wametuambia wazi kwamba ugonjwa alio nao hautapona. Hajawahi kuitikia mwito wa kwenda mbele wala kutoa ushuhuda hadharani. Ni mtu wa maneno machache, aliyekwenda kanisani kila Jumapili, aliyetusomea Zaburi kila jioni tulipokuwa watoto, na ambaye husali kwa sauti ya chini sana. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namkata kucha. Nilikuwa nimemaliza mkono mmoja aliponitazama na kusema, "Mwanangu, wewe uliyeokoka, hebu niambie: na mimi nimeokoka?" Nikamwambia, "Baba, tuombe," nikafumba macho na kuomba maombi marefu. Nilipofumbua macho alikuwa bado ananitazama, na ule mkono wa pili sikuukata.

Sikumjibu kwa sababu mimi mwenyewe sijui. Tena lipo jambo jingine ninaloona haya kulisema: uzima wa milele wenyewe unanitisha. Nikijaribu kuziwaza siku zisizokwisha, mwaka juu ya mwaka bila kikomo, napata kizunguzungu, na ahadi inayowafariji wengine mimi inaniondolea usingizi. Tafadhali nieleze wokovu ni nini hasa, uzima wa milele ni nini, na nimwambie nini baba yangu.

Ni mimi,
Binti wa Mzee

*

Binti yangu mpendwa,

Amina, jina lake litukuzwe. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye ule mkono wa pili. Nina hakika kwamba baba yako alikuuliza swali hilo kwa kuwa anakuamini, na kwa hiyo nitajitahidi kukujibu kwa namna ambayo wewe nawe utaweza kumjibu.

Nianze na neno lenyewe. Tunasema "nimeokoka", na ni neno zuri, lakini ni neno lile lile tunalolitumia kwa mtu aliyenusurika: chombo kimezama, watu wawili wameokoka. Ukilisikia hivyo unamwona mtu aliyefika ufukweni, ila humwoni aliyemvuta. Anayesema "nimeokolewa" hana budi kuwa tayari kwa swali la "na nani?", kwa maana neno lenyewe limembeba mwokozi ndani yake. Biblia yetu hutumia yote mawili. Mlinzi wa gereza la Filipi aliambiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka," na Waefeso waliandikiwa, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Hata hivyo katika Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, kitenzi ni kimoja katika mistari yote miwili, nacho kiko katika hali ya kutendewa. Mwanadamu ndiye anayeokolewa. Anayeokoa ni mwingine. Sisemi kwamba tuache kusema tumeokoka. Nasema tumelizoea neno hilo hata tukamsahau aliyetuvuta, tukabaki kuulizana tarehe ya kufika ufukweni.

Kitenzi hicho kina jambo jingine ambalo ningependa ulishike. Yesu alimwambia yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, "Imani yako imekuponya," na kwa yule mwanamke mwenye dhambi aliyemlilia miguuni akasema, "Imani yako imekuokoa." Katika Kigiriki maneno hayo ni yale yale, neno kwa neno, na watafsiri wetu wameweka "kuponya" mahali pamoja na "kuokoa" mahali pengine kwa sababu Kiswahili kiliwalazimisha kuchagua. Kwa hiyo, unapouliza wokovu ni nini, usiuwaze kama cheti cha kuruhusiwa kuingia mahali fulani baada ya kifo. Ni Mungu kumchukua mtu aliyeharibiwa na dhambi, aliyetengwa naye na anayeelekea mautini, akamsamehe, akampatanisha na nafsi yake Mungu kwa kifo na ufufuo wa Kristo, akaanza kumponya. Msamaha hutolewa mara moja na kwa ukamilifu. Kupona huchukua muda. Hasira zako zile zile, ulizozihesabu kuwa ushahidi kwamba sala yako haikupokelewa, ni ugonjwa ambao tabibu ameshaanza kuutibu, na mgonjwa anayekimbia kujiandikisha upya hospitalini kila anapohisi maumivu hajipi nafasi ya kutibiwa.

Sasa tuje kwenye siku. Wapo watu wanaoijua siku yao, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Paulo aliijua, na hata mahali aliijua: njia ya kwenda Dameski, wakati wa adhuhuri. Lakini mtazame Timotheo, ambaye Paulo alimpenda kama mwana. Juu yake tunasoma kwamba imani ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike, na kwamba tangu utoto aliyajua Maandiko Matakatifu. Siku yake haikuandikwa popote, wala Paulo hakumtaka aitaje. Na Petro je? Nimejiuliza mara nyingi angetaja siku gani: siku aliyoziacha nyavu, siku aliyomkiri Kristo, asubuhi ile kando ya bahari alipoulizwa mara tatu kama anampenda Bwana aliyemkana mara tatu, au siku ya Pentekoste? Anayekuambia kwamba asiyejua siku hajaokoka ameongeza sharti ambalo mitume hawakuliweka.

Tena kuijua siku hakutoshi kumpa mtu utulivu. John Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza ambaye kazi yake ilizaa makanisa ya Kimethodisti, aliitaja siku yake katika shajara yake: jioni ya tarehe 24 Mei 1738, mtaa wa Aldersgate jijini London, na hata saa: ilikuwa yapata saa tatu kasorobo usiku alipousikia moyo wake ukipashwa joto kwa namna ya ajabu, akapata hakika kwamba Kristo ameziondoa dhambi zake yeye mwenyewe. Ni nani angetaka ushuhuda ulio kamili kuliko huo? Lakini mwezi Januari 1739, miezi saba tu baadaye, mtu huyo huyo aliandika katika shajara ile ile kwamba yeye si Mkristo, kwa kuwa alijipima akaona upendo wake kwa Mungu ni haba. Ninakuletea habari hii kwa sababu Wesley alikuwa na kile unachodhani kingekutuliza, na alipoanza kujitazama ndani alitetemeka kama wewe. Imani inayojikagua yenyewe mchana na usiku huchoka, kwa maana haikuumbwa ijitazame. Iliumbwa imtazame Kristo.

Maandiko yenyewe huusema wokovu katika nyakati tatu. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba "tuliokolewa", akawaandikia Wakorintho juu yetu "sisi tunaookolewa", na kwa Warumi hao hao akasema "tutaokolewa". Aliyesamehewa jana anatakaswa leo, na siku ya mwisho atafufuliwa. Mkono unaofanya yote matatu ni mmoja, na juu ya mkono huo Yesu alisema kwamba kondoo wake hawatapotea kamwe, wala hakuna atakayewapokonya humo.

Ni haki yako kujua kwamba Wakristo hawakubaliani katika kila sehemu ya jambo hili, maana pengine tofauti hizo ndizo zilizokuchanganya ulipotoka katika kanisa la wazazi wako na kuingia katika kikundi cha chuoni. Wakatoliki na Waorthodoksi huona wokovu ukianza katika ubatizo na kukua kwa sakramenti na utii. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1547 ulifundisha kwamba mtu hawezi kujua kwa hakika isiyokosea kabisa kwamba amepata neema, na hivyo huishi kwa tumaini. Mapokeo ya Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, hasa tangu Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya mapokeo hayo wa mwaka 1618 hadi 1619, hushikilia kwamba Mungu huwadumisha hadi mwisho wote aliowateua. Wamethodisti hufundisha kwamba muumini aweza kupewa hakika leo, na bado aweza kuiacha imani kesho. Hizo ni tofauti za kweli, wala sitazifunika. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, waliogombana juu ya jambo hili kwa karibu miaka 500, walitia saini tamko la kukiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho Mtakatifu huifanya upya mioyo yetu akituita katika matendo mema. Wamethodisti nao wakajiunga na tamko hilo mwaka 2006. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mwamba, na baba yako aweza kulala juu yake bila kwanza kumaliza mabishano yote ya wanateolojia.

Juu ya matendo sitasema mengi, kwa kuwa si hapo palipokuumiza. Rudi tu kwa yule mlinzi wa Filipi. Jioni alikuwa amewatia Paulo na Sila katika chumba cha ndani na kuwafunga miguu kwa mkatale, migongo yao ikiwa bado na vidonda vya bakora ambavyo hakuna aliyevigusa. Usiku ule ule, baada ya kuliamini neno, aliwachukua akawaosha mapigo yao kwa mikono yake, ndipo akabatizwa, kisha akawaandalia chakula nyumbani kwake. Hakuosha vidonda ili aokolewe. Lakini baada ya kuokolewa hakuweza tena kuviacha vile vilivyokuwa, na hilo ndilo analolisema Yakobo anapoiita imani isiyo na matendo kuwa imekufa.

Nimefika kwenye hofu yako ya pili, na tafadhali usiione haya, maana wengi wanayo na hawathubutu kuisema. Unaogopa kwa sababu unawaza urefu, lakini sikiliza neno tulilopewa. Hatuambiwi habari za maisha marefu. Tunaambiwa juu ya uzima. Tunapoulizana "u mzima?" hatuulizani umri. Kitu kizima ni kile ambacho hakijavunjika wala kupungukiwa. Walioandika Agano Jipya kwa Kigiriki waliuita uzima wa zama zile zijazo, na Kanuni ya Imani ya Nikea, ungamo la kale la kanisa, bado husema hivyo, "uzima wa ulimwengu ujao". Ni uhai wa namna nyingine, uhai wa Mungu mwenyewe, ambao kutokwisha kwake ni matokeo tu ya kwamba mauti hayana cha kuushika. Yesu aliueleza mara moja kwa uwazi kabisa, akiomba usiku wa kuamkia kusulubiwa kwake: "Na uzima wa milele ndio huu, Wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma." Kujua huko si kule kwa mtihani. Katika Biblia ndilo neno linalotumika Adamu anapomjua Hawa mkewe. Ni kujuana kwa watu waliopeana nafsi zao.

Kwa hiyo uzima wa milele haungoji kifo ndipo uanze. Katika Yohana sura ya 5, Bwana anasema kwamba alisikiaye neno lake na kumwamini aliyempeleka "yuna uzima wa milele", na kwamba amekwisha kupita kutoka mautini kuingia uzimani. Anao leo, hata akiwa kitandani na dawa zake. Nawe umeshauonja. Ulipokuwa mtoto, baba yako akisoma Zaburi jioni, ulikuwa ukihesabu dakika? Siwezi kukuchorea umilele, lakini naamini uko karibu zaidi na jioni zile kuliko ule mfululizo wa miaka mitupu unaokukosesha usingizi.

Wala uzima huo si wa roho pekee, zinazoelea mahali pasipo na kitu. Kanuni ya Imani ya Mitume inaungama ufufuo wa mwili kabla ya kuutaja uzima wa milele, na mpangilio huo una maana. Yesu mfufuka aliomba chakula, akapewa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao, na mikononi mwake alama za misumari zilikuwa zingali zikionekana. Basi ile mikono uliyoishika ukikata kucha si ganda la kutupwa. Itazikwa, na tutalia, lakini tunaamini kwamba Mungu ana shughuli nayo bado.

Sasa juu ya wewe mwenyewe: acha kuirudia ile sala kana kwamba ile ya kwanza haikusikiwa. Tubu kila siku, kama tunavyofundishwa kusema "utusamehe makosa yetu", lakini tubu kama mtoto aliye nyumbani, wala si kama mgeni anayebisha hodi upya kila asubuhi. Mashaka yakija, tumia maneno ya yule baba aliyemleta mwanawe mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaamini vizuri zaidi kwanza. Alimponya mwanawe hapo hapo. Na moyo ukiendelea kukuhukumu, Yohana ameandika kwamba Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote.

Kuhusu mzee, rudi kwake upesi. Anza kwa kumwambia ukweli: "Baba, siku ile niliomba ili nisikujibu, kwa sababu mimi nami nilikuwa na hofu." Usimdai tarehe, wala usimlazimishe kurudia maneno ya sala ambayo si yake, kana kwamba miaka yote aliyosali kwa sauti ya chini haikuhesabiwa. Muulize anamtegemea nani. Akisema amejaribu kuwa mtu mwema, mwambie kwa upole kwamba si hilo lililomfia msalabani. Akisema anamtegemea Yesu, hata kwa sauti dhaifu, mwambie bila kusita kwamba Yesu hamtupi nje kamwe yeyote ajaye kwake, na kwamba maneno hayo ni ya Yesu mwenyewe, si yako. Kama liko kosa linalomlemea, mpe nafasi ya kulisema, na umwite mchungaji wa kanisa lake amletee Meza ya Bwana pale kitandani.

Kisha msomee Luka sura ya 23, kuanzia mstari wa 39. Yule mnyang'anyi hakuwa na muda wa kubatizwa, wala wa kurudisha alichoiba, na mikono yake ilikuwa imefungwa isiweze kutenda tendo lolote jema. Alichoweza kufanya ni kumkemea mwenzake aliyekuwa akitukana, kukiri kwamba alistahili adhabu, na kusema, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Alijibiwa siku ile ile. Soma polepole, na ukifika hapo usikimbilie kufumba macho. Mwache baba yako aseme neno lake kwanza, nawe ukiwa umemshika ule mkono wa pili.

Nawaombea wote wawili kwa majina ambayo Mungu anayajua.

Mchungaji wako